Baba mpiga picha hayumo kwenye albamu

Sikukuu inapofika alasiri, pilau limeshaliwa, watoto wameshazimwagia soda nguo mpya, na mtu mmoja, mara nyingi shangazi, anauliza albamu iko wapi. Inatolewa kwenye kabati la vyombo, chini ya vitambaa vya kufuma, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki ili mende wasiitafune. Vicheko vinaanza ukurasa wa kwanza. Mjomba na bugaluu lake. Mama mdogo juu ya raizoni, amemshika mkono rafiki ambaye hakuna anayemkumbuka jina. Mama mwenyewe, mwembamba hasa, amebeba kichanga ambacho leo ni baba wa watoto watatu.

Kisha mtoto wa darasa la tatu anauliza swali ambalo wakubwa hawakulitegemea: babu yuko wapi? Ukurasa unafunuliwa, na mwingine tena. Bibi yupo Pasaka, yupo kipaimara, yupo Krismasi. Babu hayumo. Atakayetazama vizuri atamwona chini kwenye majani: kivuli kirefu cha mtu aliyeinua viwiko viwili. Ndiye aliyekuwa ameshika kamera.

Morogoro, mji kasoro bahari, ilikuwa na akina baba wa namna hiyo katika mitaa mingi, kuanzia Kilakala hadi Kihonda. Hawakuwa wapiga picha wa kazi. Mmoja alikuwa mwalimu, mwingine karani wa reli, mwingine fundi kiwandani au mtumishi wa chuo cha kilimo. Kamera ilikuwa mapenzi yao, kama wengine walivyopenda redio au kufuga njiwa. Waliitunza kwenye mkoba wake wa ngozi juu ya kabati, watoto wakakatazwa kuigusa, na ilishuka kwa ajili ya sikukuu na safari tu. Leo wengi wao ni wazee au wameshatangulia mbele ya haki, na familia zao zimebaki na mamia ya picha ambazo wao wenyewe hawamo.

Alipoingia studio, baba alikuwamo

Jambo la kushangaza ni kwamba kabla kamera haijaingia nyumbani, baba alionekana vizuri tu. Familia ilivaa, ikaenda mjini, ikaingia studio. Baba aliketi kwenye kiti, mama akasimama pembeni au akaketi naye, watoto wakapangwa kwa kimo, nyuma yao pazia lililochorwa bahari, ngazi za jumba au ndege inayopaa. Mwenye studio akajifunika kitambaa au akainama kwenye kamera yake, akahesabu, basi. Picha hiyo moja ya rangi nyeupe na nyeusi ilitundikwa sebuleni kwa miaka thelathini.

Studio hizo zilikuwa taasisi katika miji yetu. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuiendeleza, kiasi kwamba ukoo baada ya ukoo wa Mji Mkongwe ulipita mbele ya lenzi ya nyumba moja. Lamu walikuwa na Bakor. Miji ya bara, Morogoro ikiwemo, nayo ilikuwa na studio zake karibu na soko na stendi, pamoja na wapiga picha wa kutembea waliozunguka siku ya Idi na kamera shingoni, wakichukua kianzio na kuahidi kurudi wiki ijayo. Wengine walirudi.

Katika mpangilio huo mpiga picha alikuwa mtu wa nje, kwa hiyo familia ilitoka kamili. Kamera iliponunuliwa na mmoja wa familia, mtu mmoja alilazimika kutoka kwenye mstari ili aishike. Kwa kuwa baba ndiye aliyeilipia na ndiye aliyejua kuiendesha, alitoka yeye.

Mkanda mmoja, mwaka mzima

Wazo la kamera ya nyumbani ni la zamani. Kodak ya Marekani ilitoa kamera ya boksi iitwayo Brownie mwaka 1900 na kuiuza kwa dola moja, ikilenga hata watoto. Mwaka 1963 kampuni hiyohiyo ikaleta Instamatic, ambayo mkanda wake ulikuwa ndani ya kasha la plastiki: unatumbukiza, unafunga mlango, unapiga. Hata hivyo kwa mfanyakazi wa Tanzania wa miaka ya 1970 kamera ilikuwa kitu cha kuletwa na mtu. Waliokwenda kusoma Umoja wa Kisovieti walirudi na Zenit, nzito kama tofali, ambayo wanaoijua husema ukiiangusha uihurumie sakafu. Wengine walipata Yashica au Olympus Trip za Kijapani kupitia ndugu, mabaharia au wageni waliokuwa wanaondoka nchini na kuuza vyombo vyao.

Kupata kamera ilikuwa hatua ya kwanza tu. Mkanda ndio uliokuwa mtihani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni na sukari zilitafutwa kwa foleni, sembuse mkanda wa picha. Ukipatikana, ulikuwa na picha 24 au 36, na baba mwenye kamera alizigawa kama mama anavyogawa nyama. Picha nne za Pasaka. Sita za kipaimara cha binti. Mbili kwa jirani aliyeomba apigwe na baiskeli mpya. Kumi za safari ya kijijini mwezi wa sita. Zilizobaki zikangoja Krismasi. Mkanda ulikaa ndani ya kamera miezi minane au tisa, na ulipokwisha ulisafirishwa na mtu anayekwenda Dar es Salaam, au ukapelekwa studio ya mjini ambayo nayo iliutuma huko. Bahasha iliporudi, familia ilikusanyika mezani na kuutazama mwaka wao mzima kwa dakika kumi: mvua za masika ukurasa mmoja, maembe ya Desemba ukurasa wa pili.

Hapakuwa na kurudia. Bibi aliyefumba macho wakati kitufe kinabonyezwa alibaki amefumba macho hadi leo, na huenda hiyo ndiyo picha yake pekee. Tena kulikuwa na msiba wa nyumbani ambao waliokua miaka hiyo wanaujua: mtoto mdadisi kufungua mlango wa nyuma wa kamera aone picha zimelala wapi. Mwanga ukaingia, mkanda ukaungua, na mwaka ukafutika. Wapo watu wazima wenye mvi ambao bado wanataniwa na ndugu zao kwa kosa walilofanya wakiwa na miaka sita.

Ikumbukwe pia kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya 1970. Kwa familia ya Morogoro, bahasha hiyo ya picha ilikuwa karibu nafasi pekee ya kujiona.

Kwa nini tulionekana weusi tii

Ukifika kurasa za picha za rangi, kuna jambo lingine ambalo vijana hulicheka bila kujua chanzo chake. Watu wenye ngozi nyeusi wametoka kama vivuli, macho na meno tu ndiyo yanaonekana, wakati ukuta wa nyuma umetoka vizuri. Baba mwenye kamera alilaumiwa kwamba hajui kupiga. Mara nyingi alionewa.

Mikanda ya rangi na mashine za kusafishia ilipangwa kwa ngozi ya kizungu. Maabara zilipelekewa kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, na wafanyakazi waliizoea wakaiita Shirley. Akitoka Shirley vizuri, mashine iko sawa. Uso mweusi haukuwa kwenye kipimo. Kodak ilikuja kuboresha mikanda yake, na moja ya sababu zinazotajwa na waliowahi kufanya kazi huko ni malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na fanicha, ambao bidhaa zao za kahawia zilikuwa hazitoki sawasawa kwenye matangazo. Miaka mingi baadaye kampuni ya Transsion ya China, inayotengeneza simu za Tecno, Itel na Infinix, iliuza simu zake Afrika kwa kujinadi kwamba kamera zake zimepangwa kwa ngozi nyeusi. Wanunuzi walielewa mara moja kinachosemwa.

Baba mwenye kamera hakujua habari za Shirley. Alichojua ni jua. Karatasi ya maelekezo ilimwambia aweke jua mgongoni kwake, naye akatii, ndiyo maana kila mtu kwenye albamu amekunja uso kama anayelamba ndimu, na ndiyo maana kivuli cha baba kimo.

Likizo ya mlimani

Picha bora za albamu za Morogoro karibu zote zina Uluguru nyuma. Ni vigumu kuikwepa milima hiyo. Ukigeuka tu mjini, imesimama, na minara ya mawasiliano ya Bondwa juu yake. Kwa safari ya nusu siku familia ilikwenda Rock Garden, kwenye mawe makubwa na maji yanayoshuka, ambapo maharusi wanapiga picha mpaka leo. Wenye miguu mizuri walipanda Morningside, kwenye nyumba ya mawe iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambako mji wote unaonekana chini kama umemwagwa kutoka kwenye kikapu. Agosti ilikuwa ya viwanja vya Nanenane, watoto wakipigwa picha wamepanda trekta ambalo hawakuruhusiwa kulipanda.

Likizo yenyewe hasa ilikuwa ya kijijini. Basi la Matombo au la Mgeta, mizigo juu, halafu njia ya miguu kati ya migomba, maharage na matuta ya mboga. Mgeta kuna baridi, na watoto wa mjini walifika wakitetemeka ndani ya masweta ya shule. Huko juu mvua na mawingu ya msituni ndiyo yanayolisha mto Ruvu, ambao maji yake yanafika mabombani Dar es Salaam, na mawingu hayo ndiyo adui wa mpiga picha. Asubuhi nzima inaweza kupita baba amekaa kwenye jiwe, kamera mapajani, akisubiri ukungu uinuke. Ukungu wa pili ulikuja baadaye, ndani ya lenzi: kamera iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi katika unyevu wa mlimani huota ukungu kwenye vioo vyake, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na picha zote za miaka iliyofuata zinatoka na weupe ambao baba aliulaumu mkanda.

Picha ya ukoo ilipigwa siku ya mwisho, mbele ya nyumba ya bibi. Hapo mpangilio haukuwa wa kimo. Waluguru wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada zake. Kwa hiyo katikati aliketi bibi, ubavuni kwake mjomba mkubwa, kisha dada wa tumbo moja na watoto wao. Baba, ambaye kwa hesabu hiyo ni mkwe aliyeoa, alikuwa na sababu mbili za kusimama nje ya mstari: adabu yake na kamera yake. Pengine kamera ilimrahisishia. Mkwe asiyejua asimame wapi hupumua akipewa kazi.

Waliobahatika kwenda mbali zaidi wana picha ya Mikumi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo barabara kuu ya kwenda Iringa inaikata katikati. Ni picha iliyopigwa kwenye dirisha la basi linalokwenda kasi. Kuna majani, kuna ukungu wa mwendo, na kuna kitu chenye shingo ambacho familia imekubaliana kwamba ni twiga.

Watoto wa memori kadi

Miaka ya 1990 ilileta kamera ndogo za plastiki zilizojisogezea mkanda zenyewe, zikawasha taa yake usiku, na kuandika tarehe kwa rangi ya chungwa pembeni ya picha. Akina mama wakaanza nao kupiga. Studio zenye mashine za kusafisha kwa saa moja zikafika, bei ya mkanda ikashuka, na albamu zikanenepa. Kipindi hicho kina picha nyingi za sherehe kuliko kingine chochote, nyingi zikiwa za watu wenye macho mekundu mbele ya keki.

Halafu mkanda ukatoweka. Mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alikuwa ametengeneza kamera ya dijitali ya majaribio mwaka 1975, iliyochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Kampuni haikuikimbilia. Januari 2012 Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na wakati huo hata Morogoro studio nyingi zilikuwa zimebaki na kazi ya picha za pasipoti.

Hapa ndipo mzazi anayesoma makala haya kwenye simu yake angepaswa kusimama kidogo na kuhesabu. Tafuta picha za mtoto wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1995. Zipo, kwenye albamu. Tafuta za mtoto wa mwisho, wa mwaka 2019. Zipo maelfu, kwenye simu. Sasa tafuta za yule wa katikati, aliyezaliwa kati ya 2003 na 2013. Katika nyumba nyingi kunakuwa kimya.

Huyo wa katikati alipigwa picha nyingi kuliko kaka yake. Picha zake zilikuwa kwenye kamera ya kwanza ya dijitali, iliyokufa na chaja yake. Nyingine zilikuwa kwenye memori kadi ndogo kama kucha, iliyohamishwa kutoka simu hadi simu mpaka ikadondoka. Nyingine zilichomwa kwenye CD ambayo sasa hakuna mashine ya kuisoma. Nyingine zilikuwa kwenye kompyuta ya ofisini, ikaja virusi, fundi akaisafisha yote. Nyingine zilikuwa kwenye simu iliyoibwa Msamvu, stendi, katika sekunde ambayo mama aliinama kufunga kamba ya kiatu cha mtoto huyohuyo. Baba wa Zenit aliyepiga picha 36 kwa mwaka ameacha picha 30. Mwanawe aliyepiga 3,000 kwa mwaka ameacha tano, zilizookolewa kwa sababu shangazi alizichapisha.

Mtoto wa namna hii anapoulizwa shuleni alete picha yake ya utotoni, anabeba ya kaka yake. Wanafanana, mwalimu hajui. Yeye anajua.

Picha ya msiba

Upande wa baba, pengo linaonekana siku mbaya zaidi. Mtu amefariki usiku, asubuhi kamati imekaa chini ya mwembe, na jambo mojawapo la kwanza ni picha. Inahitajika ya kuweka mbele ya jeneza, ya kwenye ratiba ya ibada, ya kusambaza kwenye kundi la ukoo. Vijana wanaanza kupekua simu zao. Wana picha za magari, za vyakula, za mechi za Simba na Yanga, za wenyewe wakiwa kwenye kioo cha saluni. Za baba wanapata moja ambayo amekaa pembeni anakula, nusu ya uso imezibwa na kichwa cha mtu.

Ndipo wanaenda kwenye kitambulisho. Uso ule wa kitambulisho, mtu amekodoa macho mbele ya pazia la bluu kama aliyeitwa polisi, unakuzwa na fundi wa kompyuta hadi vidoti vinaonekana, unabadilishiwa shati, unawekewa koti na tai ambavyo marehemu hakuwahi kuvaa, na ndio unaobaki sebuleni kwa miaka thelathini. Mtu aliyeona uzuri wa wenzake maisha yake yote anakumbukwa kwa picha iliyopigwa na karani aliyekuwa na foleni.

Wake wa wapiga picha hawa, wengi wao hai bado, hawalisemi jambo hili kwa uchungu mkubwa. Mara nyingi wanasema tu kwamba mzee hakupenda kupigwa. Inawezekana. Lakini katika sikukuu ishirini, ni nani aliyemwambia alete kamera, akapigwe yeye?

Kinachoweza kuokolewa

Albamu za zamani zinaharibika taratibu, na zile za rangi zinatangulia. Picha nyeupe na nyeusi za studio zimetengenezwa kwa madini ya fedha na zinadumu. Za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zinapoteza ubluu wao hata zikiwa gizani, ndiyo maana zimegeuka nyekundu kama udongo wa Gairo. Jambo la kwanza ni kuzipiga picha kwa simu kabla hazijaendelea kufifia. Haihitaji ufundi: meza karibu na dirisha, mwanga wa kivulini, taa ya simu imezimwa, simu ikishikwa sambamba na picha ili mistari isipinde.

Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu, zilizopendwa sana miaka ya 1980, ni mbaya kuliko bahasha ya kaki. Gundi inakula picha. Ipige kwanza ikiwa palepale, ndipo ujaribu kuitoa kwa kupitisha uzi mwembamba nyuma yake kama msumeno, bila kuivuta. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu iachwe na kioo chake. Ile mikanda ya kahawia iliyokatwa vipandevipande ndani ya bahasha, ambayo kila anayehama nyumba anataka kuitupa, isitupwe. Bado inaweza kutoa picha.

Zaidi ya yote ni majina. Andika kwa penseli nyuma ya picha, siyo kwa kalamu ya wino inayopenya mbele. Kaa na bibi na albamu alasiri moja, uweke simu irekodi sauti, umwache aseme nani ni nani. Yule rafiki wa mama mdogo mwenye raizoni, bibi huenda ndiye mtu wa mwisho duniani anayejua jina lake katika nyumba hiyo.

Kwa picha za sasa, hesabu ya baba wa Zenit bado inafaa. Familia inayochagua picha kumi na mbili kila Desemba na kuzichapisha kwa karatasi itakuwa na kitu cha kutoa kabatini mwaka 2050. Nyingine zihifadhiwe sehemu mbili. Hifadhi ya bure ya Google ina ukomo wa GB 15, lakini kwa wengi tatizo siyo ukomo. Akaunti ilifunguliwa na kijana wa dukani siku simu iliponunuliwa, na nywila yake hakuna anayeijua. Simu ikipotea, na picha zimekwenda, hata kama ziko salama huko zilipo. Kuibadili nywila hiyo leo na kuiandika kwenye daftari la nyumbani ni kazi ya robo saa. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ubora njiani, kwa hiyo ya thamani itumwe kama faili. Na iliyowekwa kwenye stetasi inaondoka baada ya saa 24, jambo ambalo kila mtu analijua na kila mtu analisahau.

Tangu Juni 2024 treni ya SGR inawashusha Morogoro watu wa Dar es Salaam kwa chini ya saa mbili, na mwisho wa wiki familia nyingi zinashuka na vifurushi vya chakula, watoto mbele. Wengine wanatafuta bodaboda ya kuelekea mlimani, kisha wanaianza njia ya Morningside kwa miguu. Kwenye kona ya kwanza yenye mandhari baba anatoa simu mfukoni na kuwapanga wenzake, jua mgongoni kwake, kama alivyofanya baba yake.

Siku hizi hutokea mtoto akakataa. Anaichukua simu mkononi mwa baba na kumwambia, Baba, nenda kasimame na mama. Baba anakwenda. Hajui mikono aiweke wapi. Anaiweka mfukoni, anaitoa, mwishowe mmoja unaangukia begani kwa mkewe na mwingine unabaki unaning'inia. Anakunja uso kwa sababu jua linampiga. Nyuma yake mji umetandazwa, reli, mapaa ya bati, na mbele ya viatu vyake, kwenye vumbi la njia, kuna kivuli kifupi chenye viwiko viwili vilivyoinuliwa.